Vita vya plastiki vyahama uwanja: kutoka sokoni Nairobi hadi meza za mikataba

Aprili 28, 2020, dunia ikiwa imejifungia majumbani kwa hofu ya virusi vya corona, barua moja iliandikwa na Baraza la Kemia la Marekani, ACC, kwenda kwa ofisi ya Mwakilishi wa Biashara wa nchi hiyo. Wakati huo Washington na Nairobi zilikuwa zikijiandaa kwa mazungumzo ya biashara huria, ambayo yangezaa mkataba wa kwanza wa aina hiyo baina ya Marekani na nchi iliyo kusini mwa Jangwa la Sahara. Baraza hilo, ambalo miongoni mwa wanachama wake yamo makampuni makubwa ya mafuta na kemikali kama Exxon Mobil, Shell na Dow, lilieleza matarajio yake kwamba Kenya ingeweza kuwa kitovu cha kusambazia kemikali na plastiki zitengenezwazo Marekani katika masoko mengine ya Afrika.

Kenya iliyokuwa ikizungumziwa ni ile ile ambayo, miaka mitatu kabla, ilikuwa imepiga marufuku mifuko ya plastiki kwa sheria iliyoelezwa kuwa kali kuliko zote duniani.

Barua hiyo haikuwa na vitisho. Ilikuwa ya kiungwana, imejaa lugha ya fursa na masoko, na ndiyo sababu inafaa kuzingatiwa na kila anayefuatilia jinsi kanuni za kulinda mazingira zinavyopatikana na jinsi zinavyopotea. Watu wengi huifikiria kazi ya washawishi wa viwanda kuwa ni bahasha inayopitishwa chini ya meza. Bahasha zipo, na wakazi wa Afrika ya Mashariki hawahitaji kusimuliwa habari zake. Lakini mbinu ambayo imewanufaisha zaidi wenye viwanda katika muda wa miaka sabini iliyopita ni halali kabisa, nayo ni kuuhamisha ugomvi. Anayeshindwa bungeni huupeleka mahakamani. Anayeshindwa katika mji huupeleka jimboni, na anayeshindwa nchini huupeleka kwenye mkataba wa kimataifa. Na kabla ya hayo yote, lawama huhamishwa kutoka kwa anayetengeneza bidhaa ikawekwa mabegani mwa anayeitumia.

Lawama kwa mtupaji

Chimbuko la mbinu hiyo ni la zamani. Mwaka 1953 jimbo la Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani, lilipiga marufuku uuzaji wa bia katika chupa zisizorudishwa dukani. Wafugaji walikuwa wakilalamika kwamba chupa zilizorushwa kutoka madirishani mwa magari zilivunjikia malishoni, na vipande vyake vikaishia katika majani ya ng'ombe. Mwaka huo huo makampuni ya makopo na chupa, yakiwemo American Can na Owens-Illinois, yalianzisha jumuiya iliyoitwa Keep America Beautiful, jina ambalo maana yake ni kuitunza Marekani ibaki kuwa ya kupendeza. Sheria ya Vermont iliachwa ife mwaka 1957.

Jumuiya hiyo haikupata kuutetea uchafu. Iliulaani kwa sauti kubwa kuliko mtu yeyote, ila mkosaji katika hadithi yake alikuwa mmoja tu, naye ni yule mtu mzembe anayetupa takataka ovyo. Mwaka 1971 ilitoa tangazo la televisheni lililopata umaarufu mkubwa, likimwonyesha mtu aliyevalia kama Mhindi Mwekundu akitokwa na chozi kwa kuona nchi ilivyochafuliwa, huku sauti ikisema kwamba watu ndio waanzishao uchafuzi na watu ndio wawezao kuukomesha. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba hata mwigizaji huyo hakuwa mzawa wa asili wa Amerika. Alikuwa mtoto wa wahamiaji wa Kiitalia. Mwaka ule ule jimbo la Oregon lilipitisha sheria ya kumtaka mnunuzi aweke amana ya chupa na kurudishiwa fedha yake anapoileta, na makampuni yaliyokuwa nyuma ya tangazo la chozi yalikuwa katika mstari wa mbele kuzipinga sheria za namna hiyo.

Ikaja kisha ahadi ya kurejeleza. Mwaka 1988 chama cha wenye viwanda vya plastiki nchini Marekani kilianzisha alama ya pembetatu ya mishale yenye tarakimu ndani yake, ambayo leo iko chini ya karibu kila kopo na chupa, kuanzia Muscat hadi Mwanza. Wanunuzi wengi huielewa kuwa ni uthibitisho kwamba chombo hicho kitarejelezwa, ingawa tarakimu ile hutaja tu aina ya plastiki. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2020 na redio ya umma ya Marekani, NPR, ulionyesha kwamba tangu mwaka 1974 mmoja wa watu wa ndani wa sekta hiyo alikwisha kuwaambia wenzake kwamba kuna shaka kubwa iwapo kurejeleza plastiki kutawahi kuwa na faida kiuchumi. Takwimu za shirika la OECD zinasema asilimia 9 tu ya taka za plastiki duniani ndizo zilizorejelezwa mwaka 2019. Septemba 2024 Mwanasheria Mkuu wa California, Rob Bonta, aliishtaki Exxon Mobil mahakamani akidai kwamba kampuni hiyo imewapotosha wananchi kwa miongo mingi kuhusu jambo hili. Kampuni hiyo imeyakana madai hayo.

Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam ataitambua sauti hii mara moja. Kila inapotajwa kanuni mpya, hutokea msemaji aliyevaa vizuri akaeleza kwamba tatizo halisi ni tabia za wananchi na kwamba kinachohitajika ni elimu kwa umma. Elimu ni jambo jema. Lakini mama anayeuza sukuma wiki pembeni mwa barabara hakuuamua mwenyewe ule mfuko mwembamba anaofungashia. Aliukuta umeshafika sokoni, ukiwa rahisi kuliko kitu kingine chochote.

Sheria ya kuzuia sheria

California yenyewe ina kisa kinachostahili kusimuliwa kwa utulivu. Septemba 2014 Gavana Jerry Brown alitia saini sheria ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki madukani, ya kwanza ya jimbo zima nchini humo, ianze kutumika Julai 2015. Watengenezaji wa mifuko, ambao wengi wao walikuwa nje ya California, katika majimbo kama South Carolina na Texas, walikuwa na chombo chao kilichojiita American Progressive Bag Alliance. Mtu angedhani ni chama cha wapenda maendeleo. Chombo hicho kilitumia zaidi ya dola milioni 3 kukusanya saini za kutaka sheria hiyo ipigiwe kura ya maoni. Saini zikatimia, sheria ikasimamishwa, na wapiga kura wakaiidhinisha Novemba 2016.

Kwa mtazamo wa kawaida wenye viwanda walishindwa. Kwa hesabu ya mfanyabiashara walikuwa wamenunua miezi kumi na sita ya mauzo. Zaidi ya hayo, sheria ilikuwa imeacha mwanya: mifuko minene iliruhusiwa kwa kuwa ilihesabiwa kuwa ya kutumika tena na tena. Watu wakaitumia mara moja na kuitupa kama ile ya zamani, na kufikia mwaka 2021 uzito wa mifuko ya plastiki iliyotupwa na wakazi wa California ulikuwa umeupita ule wa mwaka 2014. Ilibidi sheria nyingine itungwe mwaka 2024 kuuziba mwanya huo, nayo ikapangiwa kuanza Januari 2026.

Mahali pengine njia fupi zaidi ilipatikana. Huko Michigan, baada ya wilaya ya Washtenaw kuamua kutoza senti 10 kwa kila mfuko, bunge la jimbo lilipitisha sheria mwishoni mwa mwaka 2016 ya kuzizuia serikali za mitaa kupiga marufuku au kutoza ada mifuko hiyo. Texas, Mahakama ya Juu ya jimbo iliifuta mwaka 2018 marufuku ya mji wa Laredo kwa hoja kwamba sheria ya jimbo haikuipa miji mamlaka hayo. Hivyo mwananchi aliyekwenda kwenye kikao cha baraza la mji wake, akaongea, akashinda, alijikuta ameshinda mahali pasipo na madaraka tena.

Hata ugonjwa ulitumiwa. Machi 18, 2020, chama cha wenye viwanda vya plastiki kilimwandikia Waziri wa Afya wa Marekani kikimtaka atamke hadharani kwamba marufuku za mifuko ya plastiki ni hatari kwa usalama wa umma wakati wa corona. Majimbo na miji kadhaa iliziahirisha marufuku zake katika majira hayo.

Kenya na hesabu ya mikroni

Ilichukua Kenya majaribio matatu katika muda wa miaka kumi. Katika mawili ya kwanza, ya mwaka 2007 na 2011, mifuko iliyolengwa ni ile myembamba: kwanza chini ya mikroni 30, kisha chini ya mikroni 60. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Askari wa kanjo anayepita Gikomba asubuhi hana chombo cha kuipima, wala mwenye duka hana, wala hakimu atakayeletewa mfuko kama kielelezo. Sheria inayotegemea kipimo kisichoonekana kwa macho huwa imeshakufa siku inayozaliwa, na wenye viwanda hawana haja ya kuipinga sana. Uganda ilipita njia hiyo hiyo mwaka 2009 kwa kipimo cha mikroni 30, na kaveera, kama Waganda wanavyouita mfuko huo, imeendelea kuonekana katika mitaro ya Kampala.

Tangazo la Februari 28, 2017, lililotolewa katika gazeti rasmi la serikali na Waziri wa Mazingira wa wakati huo, Profesa Judi Wakhungu, liliachana na mikroni. Lilipiga marufuku kutengeneza, kuagiza na kutumia mifuko yote ya plastiki ya kubebea na kufungashia bidhaa za madukani na nyumbani, likatoa muda wa miezi sita, na adhabu ikawa kubwa ya kuogofya: faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka minne.

Chama cha Wenye Viwanda Kenya, KAM, kilijibu kwa hoja ya ajira. Viwanda 176 vitafungwa, kilisema, na watu zaidi ya 60,000 watapoteza kazi. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake, na takwimu hizo zilitoka kwa upande uliokuwa na la kupoteza. Hata hivyo haitakuwa haki kuiita hoja hiyo uongo mtupu. Wapo waliosimama kwenye mashine za mifuko katika eneo la viwanda la Nairobi ambao walirudi nyumbani bila kazi, na serikali haikuwaandalia chochote cha maana. Udhaifu wa hoja ya ajira ni upande wake mmoja: huhesabu vibarua wa kiwandani, haihesabu mfugaji ambaye ng'ombe wake amechinjwa akakutwa na furushi la plastiki tumboni, wala mkazi wa Mukuru ambaye nyumba yake imefurika kwa sababu mtaro umezibwa na mifuko. UNEP, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, Nairobi, lilikadiria kwamba maduka makubwa ya Kenya peke yake yalikuwa yakigawa mifuko milioni 100 kwa mwaka.

Siku chache kabla ya marufuku kuanza, waagizaji wawili wa mifuko walikimbilia mahakamani wakiomba isimamishwe. Mahakama ilikataa, ikiona kwamba maslahi ya mazingira ni makubwa kuliko yale ya kibiashara. Agosti 28, 2017 marufuku ikaanza. Mifuko haikutoweka yote, maana mingine iliendelea kuvushwa mpakani kwa magendo, na miongoni mwa waliokamatwa walikuwemo wachuuzi wadogo ambao faini ya mamilioni ni kama kifungo cha maisha. Jambo hilo ni doa katika sheria ambayo mlengwa wake wa kwanza ilipasa awe mtengenezaji. Lakini miti na nyaya za ua zilizokuwa zimevikwa plastiki kandokando ya barabara kuu zilianza kuonekana tupu. Rwanda ilikuwa imetangulia tangu mwaka 2008, na Tanzania ikafuata Juni 1, 2019.

Mwaka uliofuata marufuku, NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, iligeukia chupa za maji na soda. Safari hii sekta husika haikungoja kupigwa. Ilijitolea kuunda chombo chake cha kukusanya na kurejeleza chupa, PETCO Kenya, na tishio la marufuku likapoa. Ikumbukwe kwamba chupa za plastiki ni nyingi zaidi kwa thamani na kwamba wenye majina makubwa ya vinywaji wana sauti kuliko wenye vikarakana vya mifuko. Mwaka 2022 bunge lilipitisha sheria ya usimamizi wa taka inayomfanya mzalishaji awajibike kwa bidhaa yake hata baada ya kuuzwa. Kati ya tishio la kwanza na sheria hiyo ilipita miaka minne.

Mlango wa biashara

Hapo ndipo barua ya Aprili 2020 inapopata maana yake. Ilifichuliwa Agosti mwaka huo na Unearthed, kitengo cha uandishi wa habari za uchunguzi cha Greenpeace mjini London, pamoja na gazeti la The New York Times. Kwa mujibu wa gazeti hilo, wenye viwanda walitaka mazungumzo ya biashara yatumike kuilegeza misimamo ya Kenya kuhusu plastiki, na pia Kenya iendelee kupokea taka za plastiki kutoka nje. ACC ilikanusha kwamba ilikusudia kuihujumu marufuku ya mifuko.

Kuhusu taka, wakati haukuwa wa bahati mbaya. Mei 2019 mjini Geneva nchi 187 zilikuwa zimekubaliana kuurekebisha Mkataba wa Basel ili taka chafu za plastiki zisipelekwe katika nchi nyingine bila ya idhini yake, kuanzia Januari 1, 2021. China nayo ilikuwa imekwisha kuufunga mlango wake mwaka 2018. Marekani si mwanachama wa Mkataba wa Basel. Taka zilikuwa zikitafuta pa kwenda.

Mkataba wa biashara una sifa moja ambayo sheria ya kawaida haina. Sheria ya bunge inaweza kufutwa na bunge lijalo, lakini kifungu cha mkataba hakiguswi bila ya ridhaa ya upande wa pili, na upande wa pili una soko ambalo nchi maskini inalihitaji. Kwa sababu hiyo kifungu kisicho hata na neno mfuko ndani yake kinaweza kuifunga mikono serikali kwa miaka ishirini.

Mazungumzo yalifunguliwa rasmi Julai 2020, lakini utawala wa Rais Donald Trump uliondoka Januari 2021 bila mkataba kutiwa saini. Serikali ya Rais Joe Biden iliyaweka kando na mwaka 2022 ikaanzisha mpango mwingine wa ushirikiano wa biashara na uwekezaji usiogusa ushuru. Kenya iliokolewa na kalenda ya uchaguzi wa watu wengine.

Kutoka Nairobi hadi Geneva

Uwanja ukahama tena. Machi 2, 2022, katika ukumbi wa UNEP jijini Nairobi, nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilikubaliana kwa shangwe kutunga mkataba wa kisheria wa kukomesha uchafuzi wa plastiki. Rwanda, ikishirikiana na Peru, ilikuwa miongoni mwa waandishi wa azimio hilo, na baadaye ikawa mwenyekiti mwenza, pamoja na Norway, wa kundi la nchi zinazotaka mkataba wenye meno, yaani unaogusa kiasi cha plastiki kinachozalishwa.

Washawishi walikuja kwa wingi. Kituo cha Sheria ya Kimataifa ya Mazingira, CIEL, kilichozipekua orodha za washiriki, kilihesabu wawakilishi 143 wa viwanda vya mafuta na kemikali katika kikao cha Nairobi cha Novemba 2023. Ottawa, Aprili 2024, walikuwa 196. Busan mwishoni mwa mwaka huo walifika 220, kuliko ujumbe wa Korea Kusini iliyokuwa mwenyeji. Geneva, Agosti 2025, walikuwa 234. Wenye viwanda husema kwamba wana haki ya kusikilizwa, kwa kuwa wao ndio wenye ujuzi wa kiufundi. Hakuna anayewakatalia kusikilizwa. Kinacholalamikiwa ni kwamba baadhi yao huketi ndani ya ujumbe wa serikali, wakiwa na beji za taifa.

Hata hivyo itakuwa kosa kuwatwika washawishi mzigo wote. Saudi Arabia, Kuwait, Urusi na Iran, nchi zinazoishi kwa mafuta na gesi ambayo ndiyo malighafi ya plastiki, hazihitaji kushawishiwa. Zilishikilia kwamba mkataba uhusu taka tu, uache uzalishaji, na kwamba kila neno lipatikane kwa maafikiano ya wote. Huko Paris, mwaka 2023, siku mbili nzima zilipotea katika kubishana iwapo kura ingeruhusiwa. Na mwanzoni mwa kikao cha Geneva, shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba Marekani, chini ya Trump aliyerejea madarakani, imezipelekea nchi kadhaa waraka wa kuzitaka zikatae ukomo wa uzalishaji. Hoja ile ya mwaka 1953, kwamba mwenye kosa ni mtupaji, sasa ilikuwa msimamo rasmi wa mataifa. Agosti 15, 2025 kikao hicho kilivunjika bila mkataba.

Muda wa mpango wa AGOA uliowekwa mwaka 2015, ambao chini yake nguo za Kenya huingia Marekani bila ushuru, ulifikia ukomo Septemba 30, 2025, na katika mwaka huo Nairobi ilirudi tena Washington kutafuta mkataba wa nchi mbili. Maelfu ya wafanyakazi wa viwanda vya nguo wanautegemea mlango huo kubaki wazi, na mwenye njaa ya soko hachambui sana vifungu. Rasimu za mikataba ya namna hii huandikwa faraghani na umma huziona zikiwa zimekwisha kuiva. Barua ya mwaka 2020 ilijulikana miezi minne baada ya kuandikwa, na walioifichua walikuwa waandishi wa London na New York.